Geti Lenye Vina

Nyumbani kwetu Mtongwe hapakuwa na geti. Palikuwa na pengo kwenye ua, na mbuzi wa majirani walilipita kama wanaokwenda kwao, wakala majani ya muhogo wa mama, wakarudi. Mama yangu, Bi. Mwanarehema, alikuwa akiomba geti tangu nikiwa shule ya msingi. Kwa hiyo baba alipotunga shairi juu ya mlango ili kuijibu posa yangu, mama aliuweka mwiko kando akauliza ni mlango gani huo unaozungumzwa.

Baba alisema ni istiari.

"Basi mwambie huyo istiari awazuie mbuzi," mama alisema, akaendelea kukoroga.

Baba yangu, Mzee Boga, hulima mihogo asubuhi na kutunga mashairi kuanzia adhuhuri. Watu wa ukoo wake hawajibu posa kwa ndiyo wala kwa la. Baba wa msichana hutunga ubeti mmoja, mshenga akaupeleka kwa muoaji, na muoaji hulazimika kujibu kwa ubeti mmoja wenye vina vile vile na mizani ile ile, pale pale uani, mbele ya watu. Akijibu sawasawa, harusi hupangwa. Akishindwa hadi mwezi wa Ramadhani ukaandama, posa yake huanguka, na ya mwingine aliye nyuma yake husikilizwa. Shangazi zangu wote waliolewa hivyo. Mmoja wao alimpata mume mwenye kigugumizi, na husemwa kwamba ubeti wake ulichukua alasiri nzima, lakini haukuwa na dosari hata moja.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Likoni. Darasani nina sauti. Nikitoka nje ya darasa sauti hiyo hubaki mle ndani pamoja na chaki, nikawa mtu wa kuitika "abee" na kutazama viatu vyangu. Abdulghani, fundi wa kuchomelea kutoka Junda, aliletwa shuleni kutengeneza madawati. Aliuweka mtambo wake chini ya dirisha la darasa langu. Kila nilipoanza kuwasomea wanafunzi ubeti, alizima mtambo. Nilipomaliza, aliuwasha tena. Siku moja mwalimu mwenzangu alimhimiza afanye haraka, naye akajibu kwa upole kwamba asubiriwe kidogo, kibwagizo bado. Siku hiyo nilifika nyumbani nikiwa sijui nimepitia njia gani.

Posa yake ilipokuja, baba alijifungia chumbani, akatoka na ubeti huu:

*Mlango nimeufunga, ufunguowe ni siri,*
*Si wa kuvunja kwa panga, wala kwa nguvu na ari,*
*Ajaye akiugonga, ndani kuna mshauri,*
*Nijibu nawe kwa kunga, uingie kwa hiari.*

Mlango ni mimi. Mshauri aliye ndani ni moyo wangu. Kunga ni ule ufundi wa kuzungumza na watu bila kuwavunjia heshima. Vina vya kati ni *nga*, vya mwisho ni *ri*, na kila kipande kina mizani nane. Baba aliupenda ubeti wake hata akawasomea mbuzi, nao wakasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa walikuwa na muhogo mdomoni.

Abdulghani alinipigia simu baada ya siku kadhaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

"Jalila, chuma kikipinda najua kinataka nini," aliniambia. "Neno likipinda silijui."

Kumtungia mimi kulikatazwa na mila. Kununua ubeti alikukataa mwenyewe, akasema hawezi kuingia nyumbani kwetu na maneno ya kukodi. Na nyuma yake, posa nyingine ilikuwa inangoja. Ilikuwa ya bwana mmoja wa Nyali, dalali wa viwanja, ambaye tayari alikuwa amenunua shairi la kunisifu na kulichapisha kwenye karatasi inayong'aa. Humo shingo yangu ilikuwa ya twiga, mwendo wangu wa tausi na macho yangu ya paa, hata mama akauliza kama bwana huyo anataka mke au anataka kwenda Tsavo. Sikumchukia. Alikuwa amenisalimia mara moja tu, na nafikiri aliyesalimiwa hasa ni ukuta uliokuwa kando yangu.

Basi siku ya jibu, majirani wakiwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka, ilikuja pikapu. Juu yake walikuwa Abdulghani, mjomba wake Abubakar aliyekuwa mshenga, na geti la chuma.

Mjomba Abubakar aliteremka, akasalimia kila mtu kwa jina, akaulizia hali za wagonjwa wote wa mtaa, kisha akanyoosha mkono kuelekea geti.

"Mzee Boga, jibu la mwanetu ni hili," alisema.

Mtu mwingine angecheka. Baba alivaa miwani. Akalizunguka geti mara moja, akalizunguka tena, kisha akamwita rafiki yake Mzee Jafar. Mzee Jafar ndiye mpimaji wa mashairi upande wetu wote wa feri. Huhesabu mizani kwa vidole, na aliwahi kuisimamisha hotuba ya arusi kwa sababu bibi arusi alisifiwa kwa mizani saba.

Walichuchumaa mbele ya geti. Lilikuwa na safu nne za nondo, safu moja chini ya nyingine. Kila safu ilikuwa na nondo kumi na sita, na katikati palipita ukanda mpana wa chuma ulioziacha nane kushoto na nane kulia. Mzee Jafar alizigusa moja moja mpaka ya mwisho.

"Mishororo minne," alisema. "Mizani imetimia. Ukwapi huu hapa kushoto, na utao ule kule kulia. Kijana ana mkono."

Nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, nikihesabu nami kwa vidole.

"Ila," Mzee Jafar akaendelea, "shairi halitazamwi, yakhe. Shairi husikizwa."

Wakalisimamisha geti baina ya wanaume wawili, wakalifungua na kulifunga. Halikutoa sauti yoyote. Abdulghani ni fundi mzuri, na fundi mzuri hutia grisi kwenye bawaba. Geti lilipita hewani kama paka. Baba aliweka sikio kwenye chuma, akafunga macho, akasubiri. Kisha aliinuka huku akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema kwamba hapana vina humu, wala vya kati wala vya mwisho. Ni guni. Shairi lililopungukiwa na kanuni ni guni hata likiwa la chuma.

Mama alitoka jikoni akaomba hilo guni libakishwe hapo hapo penye pengo. Baba alikataa. Alisema shairi lililokataliwa haliwezi kuwekwa na aliyelikataa, huo ni wizi. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatazama muhogo wake. Geti likapakiwa tena kwenye pikapu, likavuka feri kurudi Junda, na nasikia abiria mmoja aliuliza ni la nani, Mjomba Abubakar akamjibu kwamba ni la kumbukumbu.

Kuanzia hapo Abdulghani aliacha kazi nyingine zote, akaifuta grisi yote kwenye bawaba. Kumtungia nilikatazwa, lakini hakuna mila iliyonikataza kusikiliza geti kwenye simu. Kila alasiri, nikitoka darasani, alinipigia, akaiweka simu karibu na bawaba, akafungua.

"Hiyo ni *ru*," nilimwambia.

Alitia mchanga kidogo, akafungua tena.

"Sasa ni *re*. Umekaribia."

Nilimweleza niliyowaeleza wanafunzi wangu: kwamba sauti katika shairi si pambo la juu juu, ni kama kamba inayowaongoza watu gizani, sikio likishika kina cha kwanza linakwenda likipapasa kutafuta cha pili. Nilimweleza takriri, ile sauti inayorudi na kurudi hadi ikakaa moyoni. Nilimweleza tanakali, yaani neno linaloiga mlio wa kitu chenyewe, nikamwambia yeye anafanya kinyume chake, anakifundisha kitu kuiga neno. Akaniuliza kama jambo hilo lina jina. Nilisema sidhani. Alisema basi tuliache hivyo hivyo.

Komeo halikumpa taabu. Aliligonga kwa nyundo mpaka likipiga nguzo lilisema *nga*, nzito na wazi, kama sufuria kubwa ya pilau inayowekwa chini. Ile *ri* ndiyo iliyomtesa. Jirani zake wa Junda walilalamika. Mwanamke mmoja alisema geti lile linamwita mwanawe, aitwaye Kheri, na mtoto huitika kila mara. Hatimaye siku moja nilikuwa katika chumba cha walimu, simu ikiwa sikioni, nikasikia *riiii* nyembamba, ndefu, safi, ikiisha kama mtu anayemaliza sentensi. Nililia, nikajisingizia mafua.

Walirudi siku moja kabla ya Shaaban kwisha. Safari hii Abdulghani alisema geti halisomwi likiwa limeshikiliwa na watu, shairi nalo lina pahali pake, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo penye pengo na kulitundika. Baba aliruhusu, kwa sharti kwamba ni kwa kusomwa tu. Mama alikuwa akimpa maji kila alipofuta jasho, na maji yalikuwa na barafu.

Watu walikuwa wengi zaidi. Bwana wa Nyali naye alikuja, shairi lake likiwa ndani ya bahasha, pamoja na kijana wa kulighani. Abdulghani alisimama nje, barabarani, kama mtu anayebisha hodi. Alilifungua geti. *Riiii.* Akalifunga. *Nga.* Watu wakaitikia "naam", maana walisikia wenyewe. Akafungua tena, akafunga tena. Baba alikuwa anatabasamu. Mzee Jafar aliinua kidole.

Alisema vina vimegeuzwa. Katika ubeti wa Mzee Boga, *nga* ni vya kati na *ri* ni vya mwisho. Hapa kimetangulia cha mwisho kikafuata cha kati. Ni sawa na mtu aliyevaa kanzu kichwani na kofia miguuni. Mjomba Abubakar alijaribu kusema kwamba geti haliwezi kufungwa kabla halijafunguliwa, na Mzee Jafar akamjibu kwa adabu kubwa kwamba hayo ni matatizo ya geti, si ya arudhi.

Walibishana mpaka muadhini akaingilia. Abdulghani alikuwa amelikazia macho geti lake. Kisha akasema polepole kwamba linaweza kufungwa kwanza, likianza likiwa wazi.

Baba alivua miwani. Niliujua uso ule, ni uso wake wa kusikia mshororo mzuri wa mtu mwingine. Yeye alikuwa ametunga mlango uliofungwa, na kijana anamjibu kwa mlango unaoanza wazi, ukafungwa kwa heshima, ukafunguliwa tena. Lakini Mzee Jafar alishikilia kwamba ubeti ukiharibika mdomoni haurudiwi siku ile ile. Wakaahidiana kesho baada ya alasiri, kabla mwezi haujatazamwa. Geti likabaki wazi usiku kucha, na mbuzi walilipita kama kawaida.

Usiku huo mvua ilinyesha.

Yeyote anayeishi karibu na bahari anajua chumvi yetu inavyofanya kwa chuma kisichotiwa grisi. Asubuhi bawaba zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka kumpigia simu Abdulghani, lakini angefanya nini? Akitia mafuta, kina kitapotea. Asipotia, kutu itakula. Nilikwenda kusimama karibu na geti nikiwa na kitambaa mkononi, nikalipangusa nondo moja moja kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Mama alinikuta hapo. Alichukua pembe ya leso yake akapangusa upande wa pili.

Alasiri ilipofika, uani hapakuwa na pahali pa kuweka mguu. Bwana wa Nyali alikaa kwenye kiti cha mbele, bahasha ikiwa juu ya goti. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikikuna nazi ya futari ya kesho, kwa maana mikono yangu ilihitaji kazi. Abdulghani alisimama tena barabarani. Sanduku la vifaa vyake lilikuwa miguuni.

Alilivuta geti. *Nga.* Akalisukuma. *Riiii.*

"Naam," watu wakasema.

Mshororo wa pili. *Nga. Riiii*, ingawa ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mghani anayehitaji maji. Mshororo wa tatu. *Nga*, na *ri* fupi iliyonifanya nishike fremu ya mlango. Mzee Jafar alikunja kidole cha tatu akakubali.

Ukaja mshororo wa mwisho, ambao ndio kituo. Abdulghani alivuta. *Nga.* Akasukuma. Geti halikwenda. Akasukuma tena, na bawaba zikashikana kabisa bila hata kunong'ona. Geti lilikuwa limefungwa, yeye akiwa nje na sisi sote ndani.

Watu walianza kuzungumza kwa sauti za chini. Bwana wa Nyali alifungua bahasha. Mjomba Abubakar aliinama akafungua sanduku la vifaa, akatoa mtaimbo, akampa mpwawe. Kwa mtaimbo ule bawaba zingeachia mara moja, na pengine zingelia *ri* pia. Abdulghani aliupokea mtaimbo. Aliutazama. Kisha aliuweka chini taratibu, asije akaliharibu shairi kwa mlio wa chuma kisichohusika, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kimya na mikono yake ubavuni.

Nilikijua kisimamo kile. Ndivyo alivyosimama chini ya dirisha langu, mtambo ukiwa umezimwa. Alikuwa anangoja kibwagizo.

Kwa mila yetu msichana haonekani uani jibu likitolewa. Hukaa ndani, na kimya chake huhesabiwa ridhaa. Sikuwa na nia ya kuvunja mila, wallahi. Miguu ilikwenda. Nilipita baina ya mikeka na machicha ya nazi mikononi, watu wakinipisha kwa mshangao, mpaka nikafika kwenye geti kwa upande wa ndani. Tulitazamana baina ya nondo. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani, iliyozoea kuwafikia walioketi nyuma kabisa.

"Ingia, niko tayari."

Nikasikia vidole vya watu vikihesabu. Hata watoto walihesabu. Mzee Jafar alihesabu mara mbili, mara ya pili kwa vidole vya baba, kwa kuwa hakuviamini vyake.

"Nane," alisema. "Na kina ni *ri*." Alikuwa kama mtu aliyemeza mfupa. "Lakini Mzee Boga, ubeti huu una watunzi wawili. Nusu ni ya chuma, nusu ni ya binti yako. Haijapata kutokea."

Baba alisimama. Nilifikiri atanikemea, nikatazama viatu vyangu, na hapo ndipo nilipogundua nimekuja bila viatu. Aliwageukia watu akarudia mshororo wake wa tatu, polepole, kama anayeusikia kwa mara ya kwanza: *Ajaye akiugonga, ndani kuna mshauri.*

"Kijana kagonga," alisema. "Mshauri kasema. Mimi ni nani tena?"

Mama alipiga kigelegele kabla baba hajafunga mdomo. Niliinua komeo, nikavuta kwa ndani, Abdulghani akasukuma kwa nje, na bawaba zikaachia. *Riiii.* Mzee Jafar akauliza papo hapo kama hiyo ni mizani ya kumi na saba. Baba akamwambia hayo ni madoido ya mghani. Wakaanza kubishana, na nasikia waliubeba ubishi huo mpaka ufukweni kutazama mwezi, hata ukaandama wao wakiwa wametazamana wenyewe.

Bwana wa Nyali aliirudisha karatasi yake ndani ya bahasha. Kabla hajaondoka alisimama mbele yangu, akanisalimia, na safari hii nadhani alinisalimia mimi. Alimuuliza Abdulghani kama anaweza kumtengenezea geti. Asingehitaji vina, alisema, linyamaze tu.

Tulioana baada ya Idi. Ninaishi Junda sasa, na kila asubuhi navuka daraja na feri kwenda kufundisha. Geti liko pale pale Mtongwe. Mbuzi husimama nje wakitazama muhogo, na mama huwasalimia. Hakuna anayeruhusiwa kutia grisi. Mvua ikinyesha hulia *re* badala ya *ri*, na hapo baba hutoka na mwavuli wake, hata iwe alfajiri, akasimama mbele ya geti na kulisahihisha.